Gari la zamani la kufufua nyumbani Dodoma: lipi la kwanza?

Kabla ya kuulizia bei, uliza gari limeishi wapi. Kwetu mvua huanza Desemba hivi na kukatika Aprili; miezi iliyobaki ni vumbi na jua. Gari lililozeekea Manyoni, Kondoa au Mpwapwa mara nyingi mipira yake imepasuka na rangi imepauka, lakini bati ni zima. Lililotoka Tanga au Dar es Salaam linaweza kung'aa huku sakafu imeshaliwa na chumvi ya bahari. Injini utaifungua mwenyewe chini ya mwarobaini. Bati bovu ndilo litakalokumaliza pesa, kwa hiyo nimeyapanga magari haya matatu kwa bati na spea, wala sikujali sana kama injini inawaka.

1. Land Rover Series III (1971–1985)

Kwangu hili linaongoza kwa mbali. Sehemu kubwa ya bodi ni aluminiamu, haishiki kutu. Chesisi na ule ukuta wa chuma unaobeba dashibodi ndivyo vinavyooza, kwa hiyo lala chini na nyundo ndogo ugonge chesisi yote, ukianzia nyuma. Panapolia kwa sauti kavu ni pazima. Panaponyamaza, chokoa kwa bisibisi. Angalia pia aluminiamu inapokutana na chuma. Unyevu ukikaa hapo, aluminiamu hugeuka unga mweupe. Na usimruhusu fundi mwenye mashine ya kawaida ya kuchomelea aiguse bodi hiyo: ataitoboa.

Injini ya petroli ya cc 2,286 ni pana, mkono unapita, na haina umeme wa kukuchanganya. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua ya kuanzia 1980, ambayo kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inashikwa na beringi tano badala ya tatu.

2. Peugeot 504

Wazee wengi bado wanalitaja kwa heshima. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Uzuri wake kwa fundi wa nyumbani ni kwamba silinda za injini yake ya petroli ni mabomba yanayochomolewa. Zikilika, unanunua seti ya silinda na pistoni na kuzipachika, bila kupeleka bloku kuchongwa.

Ila saluni yake haina chesisi ya peke yake, sakafu ndiyo mifupa. Nenda na sumaku uliyoifunga kitambaa, uipitishe chini ya milango na kuzunguka magurudumu. Isiposhika, hapo kuna puti, yaani lipu ya kuficha bati bovu. Hakikisha taa, vioo na vitasa vimekamilika, maana kuvitafuta kimoja kimoja ni kazi ya miaka.

3. Volkswagen Beetle

Nalipenda kuliko nafasi niliyolipa. Injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, hakuna rejeta ya kuchemka. Lakini vumbi letu likijaa kwenye mapezi ya silinda, joto halina pa kutokea. Oili nayo ni lita 2.5 tu, inachafuka upesi. Inua kiti cha nyuma kabla ya kutoa pesa: betri inakaa hapo, na tindikali yake hula sakafu. Spea mpya bado zinatengenezwa nje ingawa gari lenyewe lilikoma Mexico mwaka 2003, ila utaagiza na kusubiri.

Land Cruiser FJ40 sijaliweka. Bodi ni chuma, na wenye nayo wanajua thamani yake.

Kwa gari lolote kati ya haya, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye kadi. Ukiambiwa kadi iko kwa ndugu mkoani, subiri ndugu afike nayo ndipo utoe hata shilingi.

Halafu pima ua wako. Land Rover la inchi 109 (kipimo cha kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) lina urefu wa mita 4.4 hivi, na utahitaji nafasi ya kufungua milango, kushusha injini na kutandika turubai juu, kwa sababu jua la Oktoba halikuachii chuma cha kushika saa saba mchana.