Makasha Matatu ya Kuhifadhia Bunduki Nyumbani, Yaliyojaribiwa kwa Unyevu wa Mtwara

Ndugu watazamaji, assalaam aleikum na habari za wakati huu. Nazungumza nanyi kutoka Mtwara mjini, ndani ya karakana ya fundi wa kuchomelea, na ninaomba radhi mapema kwa kelele za grinda zitakazosikika nyuma yangu mara kwa mara. Mezani nina makasha matatu: sefu ndogo ya namba inayouzwa kwenye maduka ya vifaa, sefu nyingine ya alama ya kidole, na kabati la chuma ambalo fundi wa hapa amelitengeneza kwa mkono. Bunduki yenyewe haipo mezani na hamtaiona, kwa sababu anayejitangaza kwamba ana silaha nyumbani amekwisha kumwonyesha mwizi pa kuanzia, na ndiyo maana leo mnaona mikono yangu tu bila sura.

Mada hii imeletwa na msimu. Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba, ninaanza kupokea swali lile lile kutoka Tandahimba, Newala, Ruangwa na kwingineko: ninunue bunduki gani ya kulinda nyumba? Malipo ya korosho siku hizi hupita kwenye vyama vya ushirika na kuingia katika akaunti ya benki, kwa hiyo mtu anayezitoa pesa zote siku moja na kuzilaza chini ya godoro amejitengenezea mwenyewe hatari ambayo sasa anataka bunduki imwondolee. Ninayempa jibu hilo hukasirika kidogo. Lakini wapo pia wenye sababu za kweli, wanaoishi mbali na kituo cha polisi na mbali na majirani, na hao ndio ninaozungumza nao leo, nikiwaomba wabadilishe mpangilio wa swali: kwanza utailaza wapi, ndipo uulize ni ya aina gani. Bunduki ya nyumbani hukaa miaka mingi bila kushikwa usiku hata mara moja, na miaka yote hiyo watoto, wageni na vijana wa kazi wanapita mlangoni pake.

Niseme habari ya sheria kwa ufupi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, haimruhusu mtu kununua bunduki kama anavyonunua pikipiki. Maombi huanzia kwa wanaokufahamu, yaani uongozi wa mtaa au kijiji, yakapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama na kwa polisi, ndipo yafike kwa msajili wa silaha. Leseni ni ya mtu aliyeandikwa, haiazimishwi wala hairithiwi. Kwa desturi za koo nyingi za huku kwetu mpwa huweza kurithi vitu vingi vya mjomba wake, lakini bunduki haimo katika hesabu hiyo: mwenyewe akifariki, inapelekwa polisi, na anayeitaka anaanza maombi yake mwenyewe tangu mwanzo.

Tukija kwenye aina, wengi mnaoniandikia mnataka bastola kwa sababu ni ndogo na inafichika, na udogo huo ndio unaonifanya nisiipendekeze kwa mtu asiye na mazoezi. Mtutu mfupi unageuka kirahisi mkononi mwa mtu aliyeshtuka, na aina nyingine, kama Glock ya Austria, hazina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa mkono, kwa kuwa usalama wake umo ndani ya triga na ndani ya mashine. Kwa mtu aliyefunzwa huo ni ubora. Kwa mtu anayeishika mara moja kwa mwaka, siku ya kuifuta vumbi, sioni ubora wowote.

Bunduki ya marisau, yaani ya risasi zenye gololi nyingi ndani, ambayo wengi tunaiita shotigani, ndiyo ninayoiona inafaa zaidi kwa nyumba zetu, na kati ya hizo naipenda ya midomo miwili inayokunjika katikati. Sababu yangu ni moja: ukiikunja, unatazama chemba zote mbili, pale risasi zinapokaa, kwa macho yako, ukiona mwanga upande wa pili unajua haina kitu, na hata mtu mzima asiyeifahamu anaweza kuonyeshwa hivyo kwa dakika moja. Ile ya kuvuta kwa mkono wa mbele, kama Remington 870 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950, ni imara na inabeba risasi nyingi zaidi, lakini risasi zimejificha kwenye bomba lililo chini ya mtutu, na mtu anaweza kutoa moja akadhani amemaliza. Kosa hilo nimelitenda mimi mwenyewe, nikiwa na mwalimu wa shabaha pembeni yangu, na sitausahau uso wake.

Kuna imani kwamba shotigani haihitaji kulenga. Katika umbali wa sebule, yaani mita 4 au 5, zile gololi kubwa bado zimeshikamana kwa upana wa kiganja hivi, kwa hiyo ukikosea umekosea. Gololi iliyokosa haisimami kwa heshima ya ukuta. Nyumba nyingi za vijijini kwetu ni za fito na udongo, na hata za matofali mara nyingi zina milango ya mbao nyembamba na kuta za ndani zisizofika kwenye paa, wakati nyuma ya ukuta huo amelala mama mkwe. Kabla ya kuomba leseni, simama chumbani kwako mchana, uelekeze mkono mtupu pale unapodhani mwizi ataingilia, ujiulize ni nani analala kwenye mstari huo. Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya kujilinda, lakini inataka nguvu zilizotumika ziwe za kiasi kinachostahili, na mwizi anayekimbia na kuku wako hastahili kupigwa risasi ya mgongo.

Kuhusu magobore, najua yapo, hasa upande wa Liwale na Nachingwea ambako nguruwe pori na ngedere wanamaliza mashamba. Gobore likishashindiliwa baruti na vyuma kupitia mdomoni, njia ambayo watu huitumia kuvitoa ni kulifyatua, kwa hiyo linaning'inia limejaa juu ya kitanda kwa wiki nzima. Mitutu mingine ni bomba tu ambalo halikutengenezwa kustahimili mlipuko. Kama unalo bila kibali, Serikali imetangaza mara kadhaa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Utumie muda huo ukitangazwa tena.

Sasa tuyatazame makasha. Sefu ya namba ina bamba la milimita 1.5, na betri nne ndogo ndani ya mlango. Niliinunua duka ambalo sitalitaja, nikaifunga kwa namba yangu, nikaipiga ngumi juu huku nikizungusha kitasa. Sikilizeni. Imefunguka katika jaribio la tatu, kwa kuwa kinachozuia kitasa ni kipini kidogo cha sumaku ambacho mtikisiko unatosha kukisogeza. Betri moja imevuja chumvi ya kijani baada ya masika moja, na ufunguo wa dharura ulikuja umefungwa kwa uzi kwenye kitasa, jambo linalonifanya nishangae kwa nini waliuita wa dharura. Ninaitumia kuhifadhia hati za shamba. Bunduki siweki.

Sefu ya kidole ni nzito kidogo na mlango wake hautikisiki. Nilimwomba shangazi yangu, ambaye amebangua korosho kwa miaka mingi, asajili kidole chake kwenye kasha tupu. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na ncha za vidole vyake zimelainika kama jiwe la mtoni. Aliweka dole gumba mara saba, sefu ikamkubali mara mbili, akanitazama akasema, "Baba, kitu hiki hakinijui." Mwenye shughuli kama hiyo aachane nayo. Kwa mwenye vidole vizima inafanya kazi, alimradi mikono isiwe na jasho wala mafuta ya samaki.

Kabati la fundi ndilo linalonipendeza. Nilimwomba atumie pleti ya milimita 3, urefu sentimita 130, upana 30 na kina 25, na ukipiga hesabu ya eneo utapata chuma cha kilo 37 hivi kabla ya kufuli na rafu. Bawaba ameziweka ndani ili zisikatwe kwa nje. Mgongoni lina matundu manne ya bolti za kukamatia ukutani, kwa sababu kabati lisilofungwa ukutani ni mzigo uliofungashwa vizuri kwa ajili ya mwizi mwenye bajaji. Bolti hizo zinashika kwenye tofali la saruji au nguzo ya zege. Kwenye ukuta wa fito hazina maana, na hapo ni afadhali kulishika kwenye sakafu ya zege. Rafu ya juu ina mlango wake na kufuli yake, na humo ndimo zitakamokaa risasi, ili anayefungua mlango mmoja asipate vyote viwili. Ndani ya bunduki yenyewe napitisha kebo ya chuma yenye kufuli, ikiingilia kwenye chemba na kutokea mdomoni, kwa hiyo hata ikitolewa haiwezi kupakiwa. Kebo hiyo inakatika kwa koleo kubwa. Kazi yake ni kumzuia mtoto.

Nizungumzie ufunguo kwa kirefu, maana hapa ndipo nilipoaibika. Nilikuwa nauficha ndani ya chetezo cha udi juu ya kabati la nguo, mahali ambapo niliamini hakuna anayefika. Siku moja mpwa wangu wa miaka minane alinijia barazani, vidole vimejaa majivu, akaniuliza kwa adabu zote: "Mjomba, hiki kinafungua nini?" Nilimwambia kinafungua stoo, nikakaa pale barazani mpaka miguu ikaacha kutetemeka. Tangu siku hiyo ufunguo uko kiunoni mwangu mchana na ndani ya foronya usiku, na ule wa akiba sijauacha nyumbani.

Mwisho ni kutu. Hewa ya bahari ya Shangani au Mikindani inakula chuma wakati wa masika kwa kasi ambayo mtu wa bara haamini. Usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi inanyonya unyevu na kuushikilia kwenye mtutu: wa kwangu ulitoa madoa ya kahawia kwa umbo kamili la mshono. Mafuta ya nazi yanaganda yakawa gundi, kwa hiyo tumia mafuta mepesi ya bunduki na kitambaa cha pamba, kwa kiasi kidogo, kila baada ya wiki mbili masika na kila mwezi kiangazi. Zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu zikusanye, ziweke chini ya kabati, uzibadilishe. Kuna wanaotumia mchele. Nilijaribu, nikawalisha fukusi.

Kabati hili lina kasoro moja: kati ya mlango na fremu pana nafasi ya kupitisha bisibisi, mnaiona hapa nikiingiza ncha. Nimekubaliana na fundi achomelee ukingo wa ndani kuzunguka mlango mzima kabla sijalilipia. Anawasha mashine sasa, kwa hiyo nazima kamera.