TAHADHARI: Oili ya shokapu za mbele iliyochakachuliwa inauzwa kwa wenye pikipiki kubwa

Wadau wa pikipiki kubwa, hasa mnaopenda safari za mikoani, kaeni macho. Kuna jamaa anauza mtandaoni oili ya shokapu za mbele kwenye chupa za lita moja. Lebo ni ya kampuni ya nje inayojulikana, imeandikwa 10W, ila kilichomo ndani si oili ya shokapu. Ni oili ya injini. Jina la akaunti silitaji kwa sababu analibadilisha kila akishtukiwa, lakini mbinu zake ni zilezile.

Kwanza bei: karibu nusu ya ile ya dukani. Ukiuliza mbona rahisi hivyo, utaambiwa mzigo umeingia na kontena la spea kutoka Dubai. Ukitaka kwenda kuuona, duka liko kwenye ukarabati, bodaboda atakuletea ulipo. Hela anataka itangulie, tena kwa namba ya "shemeji". Risiti ya EFD hana, na ukiidai anakununia.

Ukimbana kuhusu kilichomo, ana jibu lake: "10W ni 10W bosi wangu, iwe ya injini iwe ya shokapu." Hapo ndipo anapowanasa wengi. Kwenye oili ya injini ya 10W-40, ile 10W inaeleza oili inavyokuwa kwenye baridi kali, na 40 inaeleza ikishapata moto. Kwenye oili ya shokapu 10W ni uzito kama kampuni yenyewe ilivyoamua kuuita, na hakuna kipimo kimoja kinachozibana kampuni zote. Ndiyo maana hata 10W mbili halali za kampuni tofauti zinaweza kupishana mpaka ukahisi kwenye usukani. Namba ya kuangalia ni sentistoki, cSt, yaani kipimo cha oili ilivyo nzito kutiririka, kwenye nyuzi joto 40, na kampuni makini huiandika kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa. Oili nyingi za shokapu za 10W zinaangukia kati ya 30 na 50. Oili ya injini ya 10W-40 inakaribia 100 kwenye joto hilohilo. Sasa mwambieni tena kwamba 10W ni 10W.

Rafiki yangu mwenye V-Strom, pikipiki ya safari ya Suzuki, aliweka mzigo wa huyu bwana. Kwenye lami ya Chalinze hadi Segera hakuona tatizo, alisema tu pikipiki "imekaza vizuri". Kasheshe ilianza kwenye vumbi la Karatu kwenda Mang'ola, pale penye mawimbi mfululizo. Ndani ya shokapu oili hupita kwenye vitundu vidogo. Ikiwa nzito kupita kiasi, mguu wa shokapu, yaani bomba lake la upande mmoja, ukishuka hauwahi kupanda kabla ya wimbi linalofuata, kwa hiyo unazidi kuzama mpaka umekaa chini kabisa. Usukani unagonga mikononi na tairi la mbele linaruka badala ya kushika ardhi. Na mzigo wa masanduku nyuma, ukikutana na kona hapo uko peke yako na Mungu wako.

Tulipoifungua gereji, fundi alichukua bomba la sindano la ml 20 bila sindano yenyewe, akajaza oili halali ya 10W aliyokuwa nayo, akaiachia idondoke. Kisha akajaza ile ya kwenye chupa ya jamaa, zote zikiwa zimekaa kivulini pamoja. Ya kwanza iliisha, ya pili bado inajivuta. Kipimo hiki mtu yeyote anakiweza, mradi joto la oili zote mbili liwe sawa. Rangi haithibitishi kitu, maana kampuni nyingine hutia nyekundu, nyingine bluu.

Kagueni na chupa. Hii yetu ile karatasi ya alumini chini ya kifuniko ilikuwa imebandikwa kwa gundi, pembeni imeacha alama nyeupe. Namba ya bachi ilikuwa moja kwenye chupa zote, za miezi tofauti. Na ujazo haukufika lita. Hili la ujazo si dogo: pikipiki nyingi za safari zinameza karibu nusu lita kila mguu, kwa hiyo ikipungua, mguu wa pili ndio unaopunjwa. Kiwango hupimwa kwa milimita kutoka mdomo wa juu wa bomba la mguu, springi ikiwa nje na mguu umebanwa mpaka chini, baada ya kupampu taratibu ili hewa itoke. Namba yenyewe iko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Fundi anayekadiria kwa kikombe, chukua pikipiki yako uondoke.

Jamaa siku hizi anakuja na fundi wake pia, "huduma nyumbani, nusu saa tu". Pikipiki nyingi za kisasa hazina bolti ya kumwagia oili kwenye shokapu. Miguu lazima ivuliwe na kupinduliwa. Akimaliza bila kuivua, hakuna kilichobadilishwa. Daini kuona oili ya zamani: huwa ya kijivu, inametameta kwa vumbi la chuma, na harufu yake ni ya samaki aliyeoza.

Kuna mafundi wa siku nyingi wanaoweka oili ya giaboksi otomatiki, ATF. Hao siwagombi, uzito wake uko jirani na 10W na wanakwambia wazi wanachoweka.

Mliokwisha kuuziwa, msitupe chupa. Tunzeni na ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, mpeleke Tume ya Ushindani, FCC, maana bidhaa bandia ziko chini yao kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. TBS, Shirika la Viwango, nao wapeni taarifa. Shokapu mmwage mara moja na kusuuza ndani kabla ya kuweka nyingine.

Wiki hii ameanza kutangaza mafuta ya breki, DOT 4, kwa bei zake zilezile. Hayo msiyaguse kabisa.