Tahadhari: msinunue "PIN ya biashara" kwa huyu kijana anayezunguka Markiti

Jamani wenzangu wa masoko ya Mombasa, Markiti, Mwembe Tayari na Kongowea, kuna kijana anapita duka kwa duka na laptop, kitambulisho kimening'inia shingoni, anajiita wakala wa ushuru. Msimpe pesa. Na zaidi ya pesa, msimpe neno la siri la iTax, ule mtandao wa kodi wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

Mimi alinila shilingi 6,500. Nauza leso na madira, duka ni langu peke yangu. Akanambia jina la biashara nililosajili halitambuliki mpaka lipate PIN yake lenyewe, yaani namba ya mlipa kodi, na kwamba bila hiyo kaunti hawatanipa leseni tena. Nikaingiwa na hofu, nikamtumia kwa namba yake ya simu. Jioni akaniletea cheti cha rangi, nembo ya KRA juu, PIN inaanza na P.

Binti yangu ndiye aliyekaa akaihesabu kwa kidole. P, tarakimu nane, kisha herufi. PIN ya kweli ni herufi moja, tarakimu tisa, halafu herufi, jumla 11. Tukaiingiza iTax kwenye sehemu ya kukagua PIN. Haipo.

Na hata ingekuwepo, mimi haikunihusu! Ukifanya biashara peke yako, hata ukiwa umesajili jina, wewe na biashara ni mtu mmoja mbele ya sheria. Unatumia PIN yako ile ile inayoanza na A. Ya P ni ya kampuni, au ya watu walioshirikiana kwa ubia. Kuomba PIN ni bure, na ada ya kusajili jina hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si kwa namba ya mtu.

Kilichoniuma hasa ni jirani yangu wa viungo. Yeye alifunguliwa kampuni kamili bila kuelezwa maana yake. Kampuni si mbaya, ina faida yake: ikidaiwa, kwa kawaida deni halifuati nyumba yako. Lakini kampuni hupeleka ritani, yaani taarifa ya kodi, kila mwaka hata isipouza kitu, na ikichelewa faini huanzia shilingi 20,000, wakati ya mtu binafsi huanzia 2,000. Mama wa watu anauza pilipili manga na iliki kwa vipimo vya kijiko, atazitoa wapi? Tena barua pepe iliyoandikwa kwenye akaunti ya kampuni ni ya yule kijana, kwa hiyo kila ujumbe wa KRA unamfikia yeye.

Kama alishika akaunti yako ya iTax, ingia leo uangalie barua pepe na namba ya simu zilizoandikwa. Ukishindwa kuingia, nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na kitambulisho chako halisi.

Mimi nimeshaandikisha OB, yaani ripoti kwenye kitabu cha polisi, kituoni. Nawe kama ulimlipa, usifute ule ujumbe wa M-Pesa, na hicho cheti usikichane. Njoo navyo dukani twende pamoja.