Altezza na Impreza za Mwanza: pesa ianze kwenye tairi, shokapu au rimu?

Nunua Toyota Altezza au Subaru Impreza WRX leo, kesho kijiweni watakwambia uishushe na uivalishe rimu za inchi 18. Mimi orodha yangu naipanga kinyume kabisa, na sababu ni barabara zetu. Mvua ikikata Mwanza, mchanga na kokoto vya milimani vinakuwa vimeshatandikwa juu ya lami, tena hapo hapo kwenye kona unapopandia Bugando au unapozungukia Capri Point. Ukitoka mjini kuelekea Kisesa na Magu, matuta yanakusubiri. Nimepanga kwa kuangalia kitu kinacholifanya gari lishike barabara katika hali hiyo, siyo kinachopendeza kwenye picha.

1. Matairi manne mapya, saizi ya kiwandani

Injini, breki na usukani vyote vinafika barabarani kupitia vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mtu mzima. Mshiko ambao mpira hauna, shokapu ya bei yoyote haiwezi kuuleta. Ndiyo maana sehemu kubwa ya bajeti naiweka hapa.

Soma ubavuni. 215/45R17, ambayo Altezza RS200 nyingi huvaa, maana yake upana ni milimita 215, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo (kama milimita 97), na rimu ni ya inchi 17. Ubavu mfupi unaitikia usukani upesi. Ubavu mrefu unajikunja kidogo kabla gari halijageuka, ila unaokoa rimu ukitumbukia shimoni. Kama breki zako zinaruhusu rimu ya inchi 16, 205/55R16 ina ubavu wa milimita 113 hivi na kimo cha tairi zima kinatofautiana kwa asilimia moja tu, kwa hiyo hata spidomita haitadanganya sana. Kwa gari la kila siku hapa Mwanza, mimi ningechukua hiyo.

Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Mpira unakakamaa hata ukikaa stoo. Neno TREADWEAR nalo lina namba yake: 200 ni mpira laini unaoshika sana na kuisha haraka, 400 na kuendelea ni wa kudumu. Kampuni hupima zenyewe, kwa hiyo usizilinganishe kwa ukali. Mwenye gari moja la kazini na la starehe atafute iliyo karibu na 300. TRACTION ni breki kwenye maji. AA ndiyo ya juu, na chini ya A usishuke.

Wa Subaru, nunua yote manne kwa mpigo, aina moja. Matairi yakitofautiana kimo, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka.

2. Bushi, bolijointi na stabiliza linki, halafu alaimenti

Bushi ni mipira ya kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu, bolijointi ni maungio yanayozunguka, stabiliza linki ni vijiti vinavyoshika stabiliza (nondo inayozuia gari kulala kwenye kona), na alaimenti ni kupanga pembe za matairi. Hapa ndipo pesa kidogo inaleta mabadiliko makubwa. Altezza zilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, na bushi nyingi bado ni zile zile za Japani. Mwambie fundi anyanyue gari, aingize mtaimbo kati ya mkono na bodi, asukume taratibu: bushi nzima inakataa, iliyokufa inafunguka mpasuko unaoonekana kwa macho. Dalili nyingine ni mlio wa kugonga kwenye matuta, gari kuvuta upande ukishika breki, na tairi kuliwa ndani huku nje likiwa zima. Alaimenti ifanyike baada ya kubadilisha, siyo kabla.

3. Shokapu mpya za kawaida

Springi inabeba uzito. Kazi ya shokapu ni kuituliza isiendelee kudunda. Shokapu ikifa, tairi linarukaruka juu ya lami, na tairi lililo hewani halikati kona. Angalia kama shafti imelowa mafuta. Shokapu ya kampuni ya KYB, ya kawaida, inatosha kabisa, ila boksi pekee lisikuridhishe, nunua kwa muuzaji atakayekupa risiti na kukubali kuirudisha. Badilisha mbili mbili.

4. Stabiliza nene ya nyuma

Kwa WRX inasaidia, kwa kuwa gari hilo hupenda kwenda nje ya kona kwa mbele. Kwa Altezza inayosukumwa na matairi ya nyuma, mvua ikinyesha nyuma itateleza upesi na utaijutia.

5. Koilova na springi fupi

Koilova ni springi na shokapu za pamoja zinazokuwezesha kurekebisha kimo cha gari. Gari likishuka halilali sana kwenye kona, hilo ni kweli. Ila nafasi ya springi kufanya kazi inapungua, na tuta la kwanza litakukumbusha. Kukata springi kwa grainda sikuiweka hata kwenye orodha.

6. Rimu kubwa na matairi ya mtumba

"Bosi, hili kutoka Japani, kashata yote ipo!" Ni kweli kashata, yaani michongo ya juu ya tairi, ipo, na limepakwa dawa nyeusi linang'aa. Geuza ubavu: ukikuta STUDLESS, hilo ni tairi la theluji. Kashata yake imechanjwa vimistari vyembamba vingi, na kwenye lami yenye jua inajipindapinda, usukani unakuwa kama umelegea. Likiwa la ubavu mfupi juu ya rimu ya inchi 18, unapata hasara mbili kwa bei moja.

Mfuko ukiruhusu mawili mapya tu kwenye Altezza, yafunge nyuma, hata kama ya mbele ndiyo yamechakaa zaidi. Mbele ikiteleza unapunguza mwendo na gari linarudi. Nyuma ikiteleza kwenye lami yenye maji, madereva wengi hawawahi kuirudisha.