Sabuni ya kuogea: ipi ununue ukijali maji na udongo

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, maji ya kuogea hayapiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha majitaka, bali huishia shimoni, mtaroni au baharini. Ndiyo maana nimezipanga sabuni kwa kutazama kwanza kinachotiririka na maji hayo, kisha taka inayobaki sabuni inapokwisha.

Nafasi ya kwanza naipa sabuni ya kipande iliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi au kwa mawese ya wakulima wadogo, kama zile za Kigoma, au zile za Unguja zinazotiwa mwani uliolimwa na wanawake wa pwani, mradi iuzwe wazi au imefungwa kwa karatasi tu. Sabuni halisi, yaani mafuta yaliyogeuzwa kwa kostiki soda, huoza upesi ikifika udongoni. Unapoichagua, ibonyeze kwa ukucha: ikididimia kwa urahisi bado ni mbichi na itayeyuka haraka, hivyo iache mahali pakavu penye hewa kwa wiki kadhaa kabla ya kuitumia. Baadaye iweke kwenye kisahani chenye matundu, kwa kuwa sabuni inayolala majini huisha bila kumsafisha mtu. Badala ya wavu wa nailoni wa kujisugulia, chukua dodoki, ambalo likichakaa unalitupa shambani likaoza. Sabuni ya mche inayokatwa dukani nayo haina kifungashio, lakini ni ya kufulia na hukausha ngozi, kwa hiyo siipendekezi kwa watoto.

Ya pili ni sabuni ya kawaida ya kiwandani. Soma viambato vyake: ukiona “sodium palmate”, hayo ni mawese, na ulimwenguni sehemu kubwa ya mawese hutoka Indonesia na Malaysia, ambako misitu mingi ilifyekwa kupisha mashamba ya michikichi. Alama ya RSPO, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 2004 kusimamia mawese endelevu, si dhamana kamili, ila naona ni afadhali kuliko kununua bila kujua. Kati ya mbili zinazolingana, chagua yenye karatasi isiyo na utando wa plastiki.

Ya tatu ni sabuni ya maji unayojaziwa kwenye chupa yako mwenyewe, na ya nne ni ileile katika chupa mpya yenye pampu. Watafiti wa ETH Zürich, chuo kikuu cha Uswisi, walionyesha mwaka 2009 kwamba kutengeneza vifungashio vya sabuni ya maji hutumia nishati karibu mara 20 ya ile ya sabuni ya kipande. Pampu nyingi zina springi ya chuma ndani ya plastiki, jambo linalofanya iwe vigumu kuzirejeleza.

Zilizobaki sishauri zinunuliwe kabisa. Triklosani, iliyokuwa ikitiwa katika sabuni za “kuua bakteria”, hudhuru miani ya majini. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondoa katika sabuni za kunawia majumbani pamoja na viambato vingine 18, ikisema watengenezaji hawakuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Vilevile epuka sabuni za kusugua zenye chembe za plastiki, ambazo kwenye kifungashio huandikwa “polyethylene”.

Hatari zaidi ni sabuni za kung’arisha ngozi zenye zebaki, ambayo huingia majini, hugeuzwa na vijidudu kuwa zebaki ya methili na kujilimbikiza ndani ya samaki tunaowala. Kwa kuwa mara nyingi zebaki haiandikwi kwenye kifungashio, iache sabuni yoyote inayoahidi weupe wa haraka, isiyotaja viambato wala kuwa na alama ya shirika la viwango, yaani TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Kama tayari unayo nyumbani, usiimwage chooni wala usiichome. Ifunge ndani ya mfuko, iweke mbali na watoto, na umuulize ofisa afya wa eneo lako pa kuipeleka.