JavaScript: Lugha Hodari Yenye Vituko

JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 akiwa katika kampuni ya vivinjari ya Netscape, ingali lugha ya programu ya lazima kwa kurasa za wavuti, ingawa sintaksia yake, yaani kanuni za kuiandika, ina vituko. Ukiandika "5" + 3 utapata "53", lakini "5" - 3 huleta 2, kwa kuwa alama ya kujumlisha huunganisha pia maandishi, ilhali ya kutoa hujua hesabu tu. Kinachoudhi zaidi ni return, amri ya kurudisha jibu: ukivunja mstari baada yake na kuiweka thamani chini, lugha hujitilia nuktamkato yenyewe na kurudisha undefined (thamani isiyobainishwa), mara nyingi bila hata onyo. Nayo typeof null, inayouliza aina ya null (thamani ya "hakuna kitu"), hujibu "object" ingawa null si object, kosa kongwe ambalo halirekebishwi kwa kuhofia kuharibu tovuti zilizopo. Kwa mradi mkubwa ningechagua TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za data, ambayo hunasa baadhi ya viroja hivi kabla programu haijaendeshwa.