Una laki moja ya vitu vya Kikorea? Anza na hiki, vingine visubiri

Juzi saa tano usiku mdogo wangu wa mwisho kanitumia meseji, "dada nna laki moja nataka kuanza vitu vya Kikorea, nichukue nini?" alafu chini kaweka skrinishoti kumi na mbili, kuna konokono, kuna mchele, kuna maski za karatasi, kuna na kimashine cha kusugulia uso, yaani utadhani orodha ya mahitaji ya sendofu. Nikamwambia lala, kesho ntakuandikia. Nimeandika ikawa ndefu, nikaona bora niwape na nyie maana najua mko wengi wenye swali hilo hilo.

Tuelewane kwanza. Mie sio daktari wa ngozi, ni mtu wa Dar mwenye ngozi nyeusi ya mafuta ambaye nimekula hasara zangu kuanzia 2019, na hivi vitu nimevipanga kwa swali moja tu: hela ikishatoka mfukoni, ngozi nyeusi kwenye hili jua na hili joto inafaidika nini? Mambo ya video ipi imetrendi sijayaangalia. Na bei kamili siziandiki zote kwa sababu zinapanda na kushuka na dola, duka hili na duka lile hawafanani, nikiandika leo kesho mtanitukana.

Sasa mbona majina ni mengi hivo, kila wiki kuna chupa mpya? Kwa sababu Korea Kusini wenye majina mengi hawana hata kiwanda. Kuna makampuni makubwa kama Cosmax na Kolmar Korea, hao ndo wanaotengeneza, wewe ukiwa na wazo lako na jina lako unaenda wanakutengenezea, kwaiyo hata kikampuni cha watu wachache kinaweza kutoa krimu ya maana kwa bei ya kawaida. Vinashindana vibaya mno kwenye maduka ya Olive Young ambayo kwao yamejaa kama maduka ya miamala ya simu kwetu, ukiuza vibaya wanakutoa shelfu. Mwaka 2024 vipodozi walivyouza nje vilipita dola bilioni 10 kwa mara ya kwanza. Sisi tuliowajua Wakorea kwa CD za tamthilia, mama anamlilia malkia aliyewekewa sumu, saivi tunawajua kwa kuangalia meza ya kujipambia.

Haya, NAMBA MOJA ni sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, na sitaki ubishi hapa. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu maishani chukua sanskrini ya Kikorea. Najua bibi zetu hawakupaka na sura zao zilikuwa nzuri, sawa, ila bibi alikuwa hatumbui chunusi mbele ya kioo kila asubuhi. Sie weusi hatuungui haraka, shida yetu ni madoa, chunusi inapona wiki moja doa linakaa miezi sita, na jua ndo linaloliwekea mizizi. Unaweza ukanunua siramu (yale matone mazito ya kutibu ngozi) ya laki mbili ya kuondoa madoa, kama hujajikinga na jua unachota maji kwa pakacha.

Sababu ya kuchagua za Kikorea ni moja: hazikuachi mweupe. Zile zenye zinki nyingi ukipaka unatoka umefanana na mtu aliyeanguka kwenye sembe, na nyingi za Kikorea zinatumia vichujio vya miale ya jua vya kisasa ambavyo havina huo unga, zinapakika kama losheni nyepesi. Ninayorudia mie ni Beauty of Joseon Relief Sun, ile ya mchele, mililita 50, SPF50+ PA++++. (Joseon ni ile enzi ya wafalme wa Korea kuanzia 1392 mpaka 1910, ndo maana boksi lina sura ya mambo ya kale.) Kama ngozi yako ni kavu kuna Round Lab ya maji ya mti wa bachi (birch), ina unyevu zaidi, kwangu mie mwenye mafuta ikifika saa sita mchana nang'aa kama andazi.

Hizo herufi msiziruke. SPF ni kinga ya miale inayounguza, PA ni kinga ya ile inayoingia ndani na kuleta madoa na mikunjo, alama nne za kujumlisha ndo juu kabisa. Lakini hiyo namba wameipima maabara kwa kupaka miligramu 2 kila sentimita moja ya mraba, yaani nyingi, kwa uso na shingo ni mistari miwili ya kujaza vidole viwili, cha shahada na cha kati. Ukipaka hivo kila siku mara moja mililita 50 inaisha kwenye mwezi mmoja, mwezi na nusu ukijibana. Ukiona chupa yako imefika mwezi wa saba haijaisha ujue ulikuwa unajipaka harufu tu.

Na msidhani cha Kikorea hakikosei. Desemba 2020 kuna sanskrini ya Purito iliyokuwa inapendwa dunia nzima, chupa imeandikwa SPF50+, mwanablogu akaipeleka kupimwa kwa wataalamu wa nje ikaonekana iko kama 19, kampuni ikaitoa sokoni. Baada ya pale mambo yalikazwa, ila mie bado sinunui jina nisilowahi kulisikia eti kwa kuwa boksi lina maandishi ya Kikorea.

Kitu kingine kwa wenye shangazi Marekani. Kule sanskrini inahesabika kama dawa na vichujio vingi vya kisasa havijaruhusiwa, kwaiyo ile inayotengenezwa kwa ajili ya maduka ya kule inaweza kuwa na vichujio tofauti hata kama jina la kampuni ni lile lile. Akikutumia ukaona haifanani na ya shosti yako usianze kusema kauziwa feki, soma kwanza viungo nyuma.

NAMBA MBILI, kitu cha kutuliza ngozi. Hapa nna wawili na siwezi kuwatenganisha. Kuna tona (maji ya kupaka ukishanawa uso) ya Anua ya jani la heartleaf, asilimia 77 ni maji ya hilo jani, chupa mililita 250, unapaka kwa kiganja (usitumie pamba, pamba inakunywa hela yako) na inakaa miezi. Na kuna ampuli, yaani siramu iliyokolezwa, ya SKIN1004 ya jani la centella, na hii naipenda kwa sababu ya safari yake, centella wanayotumia inatoka Madagaska, hapo hapo jirani kwenye bahari yetu, jani linapanda meli linaenda Korea linafanywa dawa linarudi kwetu kwenye chupa ya kioo tunalinunua kwa dola. Tungekuwa na akili, ngoja niache. Kwa ngozi yenye chunusi zinazowaka, hizi mbili zinapoza bila kuweka mafuta juu. Chukua moja, sio zote.

NAMBA TATU, konokono. COSRX Advanced Snail 96, mililita 100, asilimia 96.3 ni ute wa konokono uliochujwa. Najua mnakunja pua. Wengine mtauliza uhalali wake, hilo muulizeni shehe wenu, mie sina elimu hiyo. Inachofanya ni kushika unyevu na kulainisha, haiondoi madoa kwa wiki kama wauzaji wanavyosema, na kama una aleji za vumbi au za kamba na kaa anza kwa kupaka nyuma ya sikio siku mbili tatu uone.

Hii ndo niliyopigwa nayo. Niliinunua Kariakoo kwenye kiduka fulani, bei chini kidogo, boksi limefungwa vizuri, nikafika nyumbani nikabonyeza ikatoka MAJI. Yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Ya ukweli inavutika, ukiweka kwenye kidole ukakigusa na kidole gumba ukavitenganisha unaona nyuzi kama mlenda, ukiwa umewahi kupika mlenda hudanganyiki. Nilivyorudi yule muuzaji akaniambia "dada hiyo ni toleo jipya". Toleo jipya la maji. Sikurudishiwa hela, kwaiyo saivi nakuomba unione mshamba, namwambia muuzaji afungue ya maonesho nivute kwanza.

NAMBA NNE ni kushoni, ile faundesheni ya kwenye kikopo chenye sponji. Hii ni akili ya Wakorea wenyewe, Amorepacific waliitoa 2008 kwa jina lao la IOPE, na wazo walilipata kwenye muhuri, ule wa kugonga tiketi za maegesho, kwamba wino upo kwenye sponji haumwagiki na ukigonga unatoka sawasawa. Nzuri sana, haraka, kwenye daladala unajipaka.

Shida ilikuwa rangi. Kwa miaka mingi duka la Kikorea ukiingia unakuta 13, 21 na 23 basi, 13 ni mweupe kabisa, 21 ni mweupe, 23 eti ndo "ya asili". Ya asili ya nani? Mie ya kwanza kabisa niliagiza 23 nikijua ndo nyeusi yao, nikaipaka siku ya kitchen party ya rafiki yangu, picha zipo mpaka leo, uso mmoja shingo ya mtu mwingine, mamdogo akaniuliza kama naumwa.

Iliyobadilisha mambo ni TIRTIR Mask Fit Red Cushion, na waliobadilisha sio wao peke yao, 2024 dada mmoja mweusi wa YouTube, Miss Darcei, aliijaribu hadharani rangi ya mwisho waliyokuwa nayo na haikumfikia, video ikasambaa, kampuni wakaongeza rangi wakamtumia akajaribu tena, zikafika 30 na baadae 40. Kwaiyo ukiwa mweusi wa kwetu leo unapata yako, ila angalia herufi baada ya namba, N ni katikati, C inaelekea kwenye upinki, W inaelekea kwenye unjano, wengi wetu tunaangukia W au N. Kubwa ni gramu 18 na kuna ndogo ya gramu 4.5, NUNUA NDOGO KWANZA, ukikosea rangi umepoteza kidogo. Na imeandikwa SPF40 lakini usiitegemee kama sanskrini, hakuna anayepaka kushoni vidole viwili, ungetembea na plasta.

Kwa nini nne na sio juu? Kwa sababu ni pambo, haikutibu kitu, na kwenye joto la mwezi wa pili Dar hata hiyo inayosifiwa kwa kushika inaanza kuomba poo ikifika mchana.

Vilivyobaki napita haraka. Laneige Lip Sleeping Mask, gramu 20, inanukia vizuri, inakaa muda mrefu, ila ni ghali na kazi kubwa inayofanya ni kuzuia unyevu usitoke mdomoni, kazi ambayo mafuta ya mgando yanaifanya kwa hela ya chapati. Nunua kama unataka raha, raha nayo ni haki. Maski za karatasi ni za kesho nna sherehe, dakika 20 unang'aa, asubuhi ya pili umerudi ulivyokuwa. Vile vimashine vya uso vya Medicube acha kwanza, mtu hajanunua sanskrini anataka mashine.

Zile hatua kumi za Kikorea za kupaka uso kila siku pia acheni. Aliyezitangaza sana Marekani ni Charlotte Cho wa Soko Glam, duka la mtandaoni la vipodozi vya Kikorea (Soko hapo ni Korea Kusini kwa kifupi, sio soko la Tandale), na hata Korea kwenyewe watu wengi wameshapunguza. Sabuni ya uso isiyokausha, kitu cha kutuliza, losheni kama unaihitaji, sanskrini. Kwenye joto letu hatua kumi ni kujipaka mchuzi.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: mkorogo haujageuka kuwa salama kwa sababu umeandikwa Kikorea. Korea wana aina ya vipodozi vya "mibaek", weupisho, ambavyo lazima vipite kwa mamlaka yao kwanza, na ndani unakuta vitu kama niasinamidi asilimia 2 mpaka 5, vinapunguza madoa taratibu, havikugeuzi rangi. Haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi kwao ni marufuku na kwetu ni marufuku, TBS, shirika letu la viwango, wanazikamata. Mtu akikuuzia kopo la "Korean" linalochubua kwa siku saba, halina orodha ya viungo, hilo limekorogwa nyuma ya duka.

Mwisho tarehe, maana wengi mnalizwa hapa. Boksi la Kikorea linaandika mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo. Lakini kuna tarehe mbili! Ikifuatiwa na 제조 hiyo ni siku ya kutengenezwa, ikifuatiwa na 까지 hiyo ni mwisho wa matumizi. Muuzaji asiyejua anakuonesha yoyote. Kariri maumbo tu, piga picha weka kwenye simu. Alafu kuna kachoro ka kikopo kilichofunguliwa kameandikwa 12M, maana yake ukishafungua una miezi 12, sanskrini usiiache kwenye gari juani.

Mdogo wangu nilimtumia yote haya asubuhi, nikamwambia chukua sanskrini na tona ya Anua, ikibaki chenji ni nauli. Saa nane mchana kanitumia picha ya boksi kashalipia, kaandika "dada ona nimepata kwa bei nzuri sana!!" Nikavuta picha karibu. Mwaka wa juzi, mwezi wa nne, na pembeni yake 까지. Nikampigia hapo hapo, nikamwambia usitoke mlangoni, rudi kaunta.